Afisa Probesheni na Swali la "Mnamfahamu?"

Kwa miaka mitano nilikuwa mwenyekiti wa mtaa mmoja wa pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande ambao viwanja vilianza kugombaniwa baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia huku kweli. Katika kipindi hicho nilitembelewa mara kadhaa na maafisa probesheni, yaani wale wanaoichunguzia mahakama habari za mkosaji kabla ya adhabu na kumsimamia akiachwa nje, na utaratibu wao haukutofautiana sana. Afisa, mara nyingi binti wa umri wa wanangu, alifika asubuhi, akanipa shikamoo, akaketi kwenye benchi chini ya mwarobaini ambao ulikuwa ofisi yetu kuliko ile yenye paa, akafungua jalada na kunitajia jina la mtu aliyekwishatiwa hatiani na anayesubiri adhabu. Kisha likaja swali: "Mwenyekiti, huyu mnamfahamu?" Nililijibu swali hilo mara nyingi kwa wepesi, na ni baada ya kutoka madarakani ndipo nilipoanza kuelewa jinsi lilivyobeba mzigo ambao halikuumbwa kuubeba.

Watu wengi hukiita "kifungo cha nje" kila kinachotokana na kazi ya maafisa hawa, ingawa sheria zenyewe ni zaidi ya moja. Iko Sheria ya Probesheni, Sura ya 247, inayoiwezesha mahakama kumweka mkosaji chini ya uangalizi badala ya kumpeleka gerezani, na iko Sheria ya Huduma kwa Jamii, Namba 6 ya mwaka 2002, inayomfanyisha kazi ya umma bila malipo mtu ambaye kosa lake lina adhabu isiyozidi miaka mitatu, au lina adhabu kubwa zaidi lakini mahakama inaona kwamba miaka mitatu au pungufu ingemtosha. Kwa vyovyote vile, kabla ya kutoa amri, hakimu hutaka kujua anashughulika na mtu wa namna gani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907, ambayo makoloni yake yalirithi maneno yake karibu yalivyo, iliitaka mahakama itazame tabia ya mtu, historia yake, umri wake, afya yake na hali ya akili yake, pamoja na wepesi wa kosa lenyewe. Afisa ndiye anayetumwa kuyatafuta hayo. Mwenye kuamua ni hakimu, lakini hakimu aliyemwona mshtakiwa kwa dakika chache kizimbani, huku majalada mengine yakimsubiri mezani, atamtegemea nani kama si yule aliyekwenda mpaka nyumbani kwake?

Sina ugomvi na kazi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba tunachokipima tukidhani ni hatari ya mtu kurudia kosa, mara nyingi ni kiasi cha kufahamika kwake.

Nieleze tukio moja. Kijana wa miaka ishirini na kitu alitiwa hatiani kwa kuiba vipande vya nondo kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa na kuviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufikishwa mahakamani. Afisa alipokuja, nilimwita mtendaji, tukafungua daftari la wakazi, jina halikuwamo. Nikamwuliza mjumbe wa shina, naye hakumjua. Tukajibu kwa pamoja, na kwa ukweli mtupu, kwamba huyo hatumfahamu, hana nyumba, hana mke, hana ndugu katika mtaa wetu, na watu wa aina hiyo huja na kuondoka. Afisa aliandika. Hapakuwa na hila wala chuki katika maneno yetu, na ndiyo maana yalikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyatilia shaka. Kijana alipata kifungo cha ndani.

Miezi michache baadaye fundi mmoja aliyekuwa akijenga jirani alinieleza kuwa kijana yule alikuwa saidia fundi wake, kwamba alilala kwenye pagala lake kwa zaidi ya nusu mwaka akilinda saruji na mabati, na kwamba katika muda wote huo hakikupotea hata kipande cha mbao. Nondo aliziiba kwa mtu mwingine, wiki ambayo kazi ilisimama na hakuna aliyelipwa. Fundi hakuulizwa. Hakuwa mkazi wa mtaa wetu, na kwenye taarifa mahali pa kujaza jina la mwajiri paliachwa wazi.

Ninachokiona sasa ni kwamba ndani ya jibu letu fupi mlichanganyika mambo matatu yanayohitaji kutenganishwa. La kwanza ni uwezekano wa mtu kurudia kosa. La pili ni ukubwa wa madhara endapo atarudia, kwa kuwa mwizi wa kuku anayeelekea kurudia kwa hakika na mtu mmoja katika elfu atakayeua hawawezi kuandikwa kwa neno moja la "hatari". La tatu ni mahitaji yake, yaani kile ambacho kikirekebishwa, uwezekano wa kurudia hupungua. Kukosa makazi ya kudumu ni la kundi la tatu. Tulipoliingiza katika kundi la kwanza, tulimfunga mtu kwa kosa la kutokuwa na mahali pa kulala.

Kosa hili halikuanzia Dodoma. Mwaka 1928 mwanasosholojia wa Chicago, Ernest Burgess, alichapisha uchambuzi wa watu wapatao 3,000 walioachiwa kwa masharti kutoka magereza ya jimbo la Illinois, akahesabu mambo 21 yaliyohusiana na kufaulu au kuvunja masharti. Lilikuwa jaribio la kwanza kubwa la kuondoa suala hili katika hisia za mtu na kulipeleka kwenye hesabu, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mojawapo ya mambo aliyoyahesabu ilikuwa aina ya mtu katika jamii, na miongoni mwa aina hizo walikuwamo mzururaji, mlevi, kijana wa shamba na mhamiaji aliyeingia karibuni. Dodoma ya leo imejaa watu wa hizo aina mbili za mwisho. Kijana wa Bahi au wa Mpwapwa anayekuja Ihumwa kubeba zege ni kijana wa shamba na mhamiaji kwa wakati mmoja, na kosa lake la kwanza ni kufika.

Zana zilizofuata zilikuwa bora zaidi. Huko Canada, wanasaikolojia Don Andrews na James Bonta walitengeneza orodha ya mambo 54 inayotumika katika nchi nyingi, na pamoja na wenzao wakaweka kanuni ambayo mpaka sasa ndiyo nguzo ya kazi hii: nguvu za uangalizi zielekezwe kwa wenye hatari kubwa, zishughulikie mahitaji yanayozaa uhalifu, na zitolewe kwa namna ambayo mtu huyo anaweza kuipokea. Walitofautisha pia mambo yasiyobadilika, kama umri wa kutiwa hatiani kwa mara ya kwanza na idadi ya makosa ya nyuma, na yale yanayobadilika, kama marafiki, ulevi, kazi na mtazamo wa mtu kuhusu sheria. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu afisa anayeandika mambo yasiyobadilika peke yake anamweleza hakimu mtu huyu ni nani bila kumweleza la kufanya.

Hata hivyo, orodha hiyo inauliza kama mtu amehama makazi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Kwa mji wa baridi wenye mikataba ya upangaji, jibu la ndiyo laweza kuashiria maisha yaliyovurugika. Kwa kanda ya kati yenye msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kuhama mara tatu ndiyo kalenda yenyewe: mtu yuko kwao Chemba wakati wa palizi, anakwenda Kiteto kwa kibarua cha mavuno, kisha anaingia mjini kiangazi kutafuta kazi ya ujenzi. Ukimpa alama ya hatari kwa hilo, umempa alama ya hatari kwa kuwa na bidii katika nchi kame. Swali linalofaa huku kwetu ni kama anapohama kuna mtu anayejua alikokwenda na lini atarudi. Fundi angelijibu, na kaka aliyebaki na mbuzi angelijibu vilevile.

Upo pia upande wa pili wa shilingi, na kwangu huo ndio wa kutisha zaidi. Mtu anayefahamika hupita. Niliwahi kuulizwa kuhusu mwanaume mwenye nyumba mbili na ng'ombe, mchangiaji wa kila msiba, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mkewe. Ofisi nzima tulimshuhudia vizuri. Tulieleza tulichokiona, na tulichokiona kilikuwa barazani. Kosa lake lilitendeka chumbani. Afisa aliomba pia kumsikia mke, naye alisikilizwa pale pale uani, shemeji zake wawili wakiwa wameketi hatua chache, akasema yamekwisha na wamesameheana. Sijui neno hilo la "yamekwisha" lilikuwa na thamani gani kama kipimo cha hatari. Najua tu kwamba ujirani mwema si ushahidi wa jinsi mtu anavyoishi mlango ukishafungwa, na kwamba mtu anayetegemea mkosaji kwa chakula hawezi kumtathmini akiwa mbele ya ndugu wa mkosaji. Afisa mmoja mzoefu alinidokeza kuwa katika mashauri ya namna hiyo yeye huwatafuta kwanza mwalimu wa watoto na mhudumu wa zahanati, kabla hata ya mwenyekiti. Sikufurahi kuambiwa hivyo, lakini alikuwa sahihi.

Kwa wanaoamini kwamba dawa ni kompyuta, Marekani imekwishatuonyesha mipaka yake. Mwaka 2016 waandishi wa uchunguzi wa ProPublica waliichambua programu iitwayo COMPAS, inayokadiria uwezekano wa mtu kurudia kosa, kwa kumbukumbu za watu zaidi ya 7,000 wa Broward County, Florida. Programu hiyo haikuuliza rangi ya mtu. Hata hivyo, kati ya watu weusi ambao hawakurudia kosa, karibu asilimia 45 walikuwa wameandikwa kuwa wa hatari, wakati kwa weupe ambao hawakurudia ilikuwa kama asilimia 24. Watengenezaji walijitetea kwa hesabu nyingine, wakisema kwamba alama moja ilimaanisha uwezekano uleule kwa mweusi na kwa mweupe, na wanahisabati wakaja kuonyesha kwamba vipimo hivyo viwili vya haki haviwezi kutimia pamoja pale ambapo makundi yanatofautiana katika kiwango cha kukamatwa tena. Mwaka huohuo mahakama ya juu ya jimbo la Wisconsin iliruhusu alama hizo zitumike katika kutoa adhabu, kwa sharti kwamba zisiwe ndizo zinazoamua. Kisha mwaka 2018 watafiti wawili, Julia Dressel na Hany Farid, wakaonyesha kwamba watu wa kawaida waliopewa maelezo mafupi ya kesi walipatia karibu sawa na programu yenyewe, mara 65 hivi katika 100.

Kiwango hicho cha kupatia kinastahili kufanyiwa hesabu ya kijijini. Tuseme wakosaji 100 wamepita katika ofisi moja, na 20 kati yao wangerudia kosa ndani ya miaka miwili. Tuseme afisa wetu ni hodari kuliko programu, anapatia mara 7 katika kila 10, kwa watakaorudia na kwa wasiorudia. Atawatambua 14 kati ya wale 20, na wote tutampongeza. Lakini kati ya wale 80 ambao wangetulia, atawakosea 24. Rundo lake la "hatari kubwa" litakuwa na majalada 38, na zaidi ya nusu ya majalada hayo ni ya watu ambao wangekwenda zao kulima. Hapa afisa hana uzembe wowote. Ni hesabu ya jambo lisilotokea mara nyingi. Kadiri warudiao walivyo wachache, ndivyo neno "hatari" linavyowaangukia wengi wasiostahili.

Sasa ongeza jambo ambalo hakuna fomu inayolipima. Afisa akipendekeza mtu abaki nje, naye akarudia kuiba, kosa la afisa linajulikana siku hiyohiyo: polisi wanajua, hakimu anajua, mtaa mzima unasema. Akipendekeza kifungo kwa mtu ambaye asingerudia, hakuna atakayejua kamwe, kwa kuwa mtu huyo yuko ndani na hana namna ya kuthibitisha kwamba angetulia. Makosa yake ya upande mmoja humwandama, na ya upande wa pili huzikwa pamoja na jalada. Mtu yeyote anayefanya kazi katika mazingira hayo, hata mwenye roho nzuri kuliko sisi sote, baada ya miaka michache atajifunza kuandika "hafai". Halazimishwi na mtu. Anafundishwa na habari anazozipata.

Ndiyo maana sishangazwi na tafiti za Canada na za huduma ya shirikisho ya Marekani zilizoonyesha kuwa afisa anapopewa ruhusa ya kuibadilisha daraja ya hatari iliyotolewa na zana, mara nyingi huipandisha, na kwamba mabadiliko hayo kwa ujumla hupunguza usahihi badala ya kuuongeza. Sisemi afisa anyang'anywe hiari. Hiari hiyo ndiyo ingemwokoa kijana wa pagala, kama kungekuwa na mtu wa kuitumia. Ninachosema ni kwamba anapoacha matokeo ya kipimo, aandike kwa sentensi kamili amekiona nini ambacho kipimo hakikukiona, na aandike hivyohivyo anaposhusha kama anapopandisha. "Mhusika si mtu wa kuaminika" haitoshi. "Ameacha kulipa mkopo wa pikipiki mara mbili na anaishi na kaka aliyefungwa kwa wizi wa aina ileile" yatosha, kwa sababu mwingine anaweza kwenda kuhakiki.

Uamuzi wa afisa hauishii kwenye adhabu. Mtu akishawekwa chini ya uangalizi, ni afisa huyohuyo anayeamua kama kutoripoti kwake ni jambo la kumrudisha mahakamani. Hapa vilevile msimu hutawala. Mvua za kwanza zikinyesha, mkulima wa uwele ana siku chache za kupanda, na siku ya kuripoti ikiangukia humo atachagua shamba, akijua kwamba njaa ya mwakani haina huruma kuliko hakimu. Kwenye jalada inaandikwa "amekaidi". Ukaidi ni kuchagua kutokuja. Huyu amechagua kula. Afisa mwenye busara hupanga siku za kuripoti na siku za kazi ya umma kwa kuitazama kalenda ya kilimo tangu mwanzo, na kwa mtu wa hatari ndogo hupunguza masharti. Si huruma tu. Uchunguzi uliofanywa jimboni Ohio miaka ya mwanzoni mwa 2000 ulibaini kuwa wakosaji wa hatari ndogo walioingizwa kwenye programu kali za makazi walirudia makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa na uangalizi mwepesi. Sababu yake haihitaji shahada kuielewa: umemtoa mtu kwenye kazi yake na kwa ndugu zake, vitu vilivyomfanya awe wa hatari ndogo, ukamketisha na wazoefu.

Kuhusu afya ya akili nitapita haraka, kwa kuwa hapo afisa hapaswi kuwa na kauli ya mwisho. Dodoma ina Hospitali ya Mirembe na Taasisi ya Isanga, ambako mahakama hupeleka washtakiwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi kuchunguzwa akili zao. Afisa akiona dalili, aziseme na awaachie wataalamu. Kumwita mtu "kichaa" kwa maneno ya majirani ni kosa la kufahamika kwa sura nyingine.

Naulizwa nini kifanyike, na nina mambo mawili tu ninayoweza kuyatetea kwa uzoefu. Kwanza, swali la "mnamfahamu" lifuatwe na swali la "nani anamfahamu", na taarifa isifungwe kabla afisa hajazungumza na mtu mmoja aliyemwajiri, kumpangisha au kumlisha mhusika, popote alipo. Mwenyekiti na mtendaji wawe mashahidi wa mahali, wasiwe mashahidi wa tabia ya watu wasiowajua. Pili, kila ofisi iwe na daftari la pendekezo na matokeo: jina, kilichopendekezwa, sababu, na baada ya miaka miwili, kilichotokea, wakiwamo waliomaliza vifungo vyao na kurudi uraiani. Bila safu hiyo ya mwisho, afisa wa miaka ishirini kazini ana uzoefu wa kuandika taarifa, lakini hana uzoefu wa kupatia, kwa sababu hakuna siku aliyosahihishiwa.

Najua jibu litakalotolewa, na ni la kweli: maafisa ni wachache, wilaya ni pana, usafiri hakuna. Binti aliyekuja kuuliza habari za kijana wa nondo alikaa kwenye benchi yetu dakika ishirini na tano. Mpaka nyumbani kwa fundi yule ilikuwa safari ya bodaboda ya nusu saa nyingine kwenye barabara ya vumbi, na binti alipotuaga aliniuliza kama kuna daladala ya kurudi mjini, maana nauli ya kuja alikuwa ameitoa mfukoni mwake.